Prosesa mpya kabla ya msimu wa korosho: bei za Mtwara, bei za Dar

Nahariri video za sherehe hapa Mtwara mjini, maeneo ya Chuno. Harusi, kumtoa mwali, maulidi, kipaimara, mahafali. Kazi yetu huku inafuata korosho. Minada ikianza Oktoba na pesa ikaingia kwa wakulima, simu zinaanza kuita kutoka Tandahimba, Newala na Masasi, na Desemba shule zikifungwa sherehe zinapandana. Msimu wa 2024 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, nikapokea kazi nyingi kuliko kompyuta yangu ilivyoweza kubeba. Harusi ya mwisho ya msimu ule niliikabidhi katikati ya Machi. Mama wa bi harusi alinikaribisha chai, akaipokea flashi, hakusema neno. Angenigombeza ningeumia kidogo.

Basi mwezi wa sita 2025 nilikaa chini nikaamua kutafuta prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, kabla Oktoba haijafika. Naandika niliyoyapata kwa sababu nilipokuwa natafuta sikukuta mtu wa kusini aliyeeleza bei zinavyokuwa mzigo ukishafika huku.

Mashine niliyokuwa nayo ni Dell OptiPlex 7040 ya mtumba, prosesa yake i5-6500 ya mwaka 2015, viini vinne (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi yake yenyewe). Imenilea miaka mitano na siitukani. Mambo mawili ndiyo yaliyoimaliza. Kwanza, mpiga video ninayefanya naye kazi alinunua Sony A7 IV, na kamera ile ikirekodi 4K ya H.265 (namna ya kubana video) kwa rangi za biti 10, mtindo wa 4:2:2 unaohifadhi rangi nyingi zaidi, faili zake Dell yangu haikuweza hata kuzichezesha. Picha inaganda, sauti inaendelea. Pili, Microsoft walishatangaza kwamba huduma ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi cha 6 kama hiyo yangu. Tarehe yenyewe iliangukia palepale minada inapoanza.

Nikaanza kusoma bei za nje. Kampuni ya AMD walitoa prosesa za Ryzen 5 9600X na Ryzen 7 9700X Agosti 2024, kwa dola 279 na 359. Intel, waliotengeneza ile i5 yangu, wakafuata tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo na Core Ultra 5 245K kwa dola 309, Core Ultra 7 265K kwa dola 394, na Core Ultra 9 285K kwa dola 589. Hizo ni bei za siku ya uzinduzi, kwa Marekani, kabla ya kodi ya mauzo ya kule. Hadi mimi nazitazama, 265K ilikuwa imeshuka hadi chini ya dola 300. Nilipiga hesabu kwa dola moja kuwa karibu shilingi 2,600, nikapata kama shilingi 780,000, moyo ukafurahi. Prosesa ya viini 20 kwa laki nane kasoro! Nikadhani kazi imekwisha, nikaenda mjini kununua.

Duka la kwanza liko karibu na soko kuu, la mzee mmoja anayeuza laptopu, printa, wino na kamera za ulinzi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, prosesa peke yake siweki. Huku mtu ananunua kompyuta nzima. Nikiweka moja ya laki nane italala kabatini hadi ipitwe na wakati." Hakunipotezea muda, na hakunidanganya kwamba anaweza kuipata kesho. Naliandika hili kwa sababu baada ya wiki mbili za kupiga simu Dar nilitambua thamani yake.

Duka la pili walinionyesha i7 ya kizazi cha 4 waliyoitoa kwenye mashine ya mtumba, shilingi 120,000. Duka la tatu, upande wa barabara ya kwenda bandarini, kijana alitoa prosesa ndani ya kijaluba cha plastiki kisicho na boksi, akasema ni mpya, i5-12400F, 380,000. Huenda ni mpya kweli, maana zipo prosesa zinazouzwa kwa viwanda bila boksi. Lakini prosesa ya namna hiyo haina feni, na waranti yake inabaki mikononi mwa muuzaji, naye akaniambia waranti ni wiki moja. Nikamrudishia.

Hayo ndiyo niliyoyakuta Mtwara kwa prosesa zinazouzwa peke yake. Za 2024 na 2025, hakukuwa na hata moja rafuni.

Nikageukia Dar. Nilikusanya namba za maduka sita ya Kariakoo na Posta, nikawaandikia WhatsApp maneno yaleyale: Core Ultra 7 265K, Core Ultra 5 245K, Ryzen 5 9600X, i5-14500, ipo? Bei gani hadi Mtwara? Ndani ya saa moja wanne walijibu "ipo". Hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu neno hili "ipo" limenigharimu wiki mbili. Kwa wengine lina maana kwamba kitu kiko dukani. Kwa wengine lina maana kwamba yupo jamaa anayekijua kilipo. Na kwa mmoja lilikuwa na maana kwamba ukilipa leo, ataagiza Dubai.

Fundi wangu, kijana wa Magomeni ya hapahapa Mtwara anayenitengenezea mashine zangu, alinifundisha dawa yake. "Dada, mwambie aandike tarehe ya leo kwenye karatasi, ailaze juu ya boksi, apige picha." Nikafanya hivyo kwa wote wanne. Wawili walituma picha ndani ya dakika kumi. Mmoja alisema aliyeshika funguo za stoo hayupo. Mmoja alinitumia picha ya mtandaoni yenye karatasi iliyobandikwa kwa kompyuta, kivuli chake kikielekea upande usiofanana na kivuli cha boksi. Mimi nahariri picha kwa riziki yangu. Nikamshukuru, nikaachana naye.

Jambo jingine kuhusu Dar: mmoja wao alinitajia bei kwa dola. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja wala kudai bei kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani, na mnunuzi ana haki ya kusema hivyo kwa upole. Nilisema. Akaniandikia shilingi, na kwa hesabu yake dola ilikuwa 2,850. Ombeni shilingi tangu salamu.

Haya, bei. Kwa wale wawili wenye bidhaa mkononi, Julai 2025, zilikuwa hivi. Core Ultra 7 265K shilingi 1,180,000. Core Ultra 5 245K shilingi 940,000. Ryzen 5 9600X shilingi 760,000 kwa mmoja na 790,000 kwa mwingine. i5-14500, ambayo ilitoka Januari 2024 kwa dola 232, shilingi 720,000. Tazama 265K: Marekani ilikuwa chini ya laki nane, Dar milioni moja na ushee. Niliuliza kwa nini. Yule aliyekuwa mkweli zaidi alinieleza kwamba alizileta tatu wakati bei ya nje bado iko juu, amelipa usafiri wa ndege na VAT ya asilimia 18, mbili hazijatoka, na hawezi kuziuza kwa hasara kwa sababu tu bei imeshuka huko kwao. Nimemwelewa. Ila mnunuzi ajue: prosesa ambayo haitembei haraka hapa kwetu inabaki na bei ya siku ilipopanda ndege.

Njia ya kuagiza mwenyewe nje nayo niliipima. Wakala wa mizigo alinipa jumla ya shilingi 930,000 kwa 265K, ikiwa na ada yake na usafiri, wiki nne hadi sita. Nafuu ya robo milioni. Lakini ikifika imekufa, nairudisha wapi? Na wiki sita kutoka mwisho wa Julai ni katikati ya Septemba, hapo barabara iwe nzima na kila kitu kiende sawa. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Lindi kule Somanga, na mzigo wangu wa stabilaiza ukakaa njiani siku nyingi pamoja na mabasi na malori. Tangu hapo kila tarehe ninayoahidiwa naiongezea wiki mbili.

Lakini bei ya prosesa peke yake inadanganya hata ikiwa ya kweli, na hili ndilo lililonibadilisha mawazo. Core Ultra 200, yaani familia ya 265K na 245K, zinakaa kwenye soketi (kikalio cha prosesa) mpya, LGA1851, kwa hiyo lazima mazabodi mpya, ile bodi inayobeba vipande vyote, na zinatumia RAM ya DDR5 tu. Zile zenye herufi K zinauzwa bila feni. Nikaandika kwenye daftari: prosesa 1,180,000, mazabodi ya bei ya chini iliyokuwepo 680,000, RAM ya GB 32 shilingi 330,000, feni 150,000, kesi na pawa saplai 190,000, SSD ya TB 1 shilingi 190,000. Jumla 2,720,000.

Upande wa i5-14500: prosesa 720,000 na feni yake ndani ya boksi, mazabodi ya B760 inayokubali DDR4 shilingi 360,000. RAM za Dell yangu ni DDR4, GB 16, zinahama nazo, naongeza GB 16 nyingine kwa 110,000. Kesi, pawa saplai na SSD bei zilezile. Jumla 1,570,000. Tofauti ni shilingi 1,150,000, na kwangu hizo ni harusi tatu.

Sasa kwa nini 14500, na si Ryzen 9600X ambayo ni mpya zaidi na bei zinakaribiana? Kwa sababu ya kamera. Prosesa za Intel zenye grafiki (sehemu inayotoa picha kwenye skrini) ndani yake, kuanzia kizazi cha 11, zina sehemu maalumu iitwayo Quick Sync inayoweza kufungua H.265 ya biti 10, 4:2:2, bila kuwachosha viini vya prosesa. Grafiki iliyomo ndani ya Ryzen 9000 haiifungui 4:2:2. Kwa mtu anayecheza gemu, au mwenye kadi nzuri ya grafiki, hilo halimhusu, na ningemwambia achukue Ryzen bila kusita: AMD wameahidi kuiendeleza soketi ya AM5 hadi 2027 na zaidi, ilhali soketi ya 14500, LGA1700, imefika mwisho wa safari. Kadi za NVIDIA za mfululizo wa RTX 50 zilizotoka 2025 nazo zinaisoma 4:2:2, ila kadi peke yake ingekula zaidi ya bei ya prosesa yangu.

Na hapa kuna mtego unaonifanya nitamani kupiga kelele sokoni. Herufi F. Kwa Intel, F mwishoni mwa jina ina maana grafiki ya ndani imezimwa, na ikizimwa hiyo, Quick Sync nayo haipo. Madukani kwetu zenye F ndizo zimejaa kwa sababu ni nafuu. Duka moja la Dar, baada ya kukubaliana 14500, lilinitumia picha ya boksi kabla ya kulifunga kwa safari: i5-14400F. Nikapiga simu. "Dada, zote kizazi cha 14, tofauti ndogo tu, nakupunguzia elfu thelathini." Kwangu mimi ile si tofauti ndogo. Ningefika nyumbani na prosesa isiyoweza hata kuwasha skrini bila kadi, na isiyofanya kile kitu kimoja nilichoinunulia. Na hata ile 14400 isiyo na F ina grafiki ya UHD 730, yenye injini moja ya video. 14500 ina UHD 770, injini mbili. Mwenye duka hakuwa na nia mbaya, nadhani, ila hakuijua bidhaa anayoiuza. Nikaomba pesa yangu irudi, ikarudi kesho yake baada ya simu tano.

Nikanunua kwa yule mwingine, aliyenieleza habari za VAT na ndege. Alinipa risiti ya EFD bila kuombwa, akaandika namba ya prosesa kwenye risiti, waranti ya dukani mwaka mmoja juu ya ile ya Intel ya miaka mitatu ya boksi. Nilimlipa kwa lipa namba saa nne asubuhi, jioni mzigo ukawa Mbagala, kesho yake usiku nikaupokea stendi ya Mkanaledi. Usafiri shilingi 12,000 kwa kila kitu. Boksi la prosesa alikuwa amelizungushia sponji na kuliweka ndani ya kesi, na mazabodi peke yake juu, mbali na chuma.

Kabla ya kufungua, fundi alilinganisha namba ya FPO (namba ya kundi la uzalishaji) iliyoandikwa kwenye lebo ya boksi na ile iliyochongwa juu ya prosesa yenyewe, ambayo unaiona kwenye kidirisha. Zilikuwa moja. Kisha tukaiingiza kwenye ukurasa wa waranti wa Intel, ikajibu kwamba waranti iko hai. Hili lifanyeni mbele ya muuzaji kama mnaweza. Halafu akapiga picha ya soketi kwa simu, akaikuza, akakagua pini moja moja, maana kwa Intel pini ziko kwenye mazabodi, na pini moja ikilala muuzaji atasema umeilaza wewe.

Kuhusu kazi. Harusi ya Agosti, dakika 50, faili za Sony zilezile. Dell ilikuwa ikichukua saa nne na nusu kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kwa kazi ya ukubwa huo, na umeme ukikatika saa ya tatu unaanza upya. Hii imemaliza kwa dakika 41. Lakini kilichonifurahisha kuliko kurenda ni kukata. Nasogeza mstari kwenye Premiere, programu ninayohariria, picha inafuata mkono. Naweza kumtazama bibi akilia wakati mjukuu anatolewa ndani, nikachagua sekunde ile ambayo kilemba chake kinateleza, badala ya kubahatisha kama nilivyokuwa nikifanya. Wateja hawajui prosesa ni nini. Watakachokiona ni ile sekunde.

Ubaya upo. Feni ya boksini inapiga kelele ikizidiwa, na chumba changu hakina kiyoyozi. Siku ya kwanza joto lilipanda hadi nyuzijoto 91 wakati wa kurenda. Fundi akaingia kwenye mipangilio ya mazabodi akaibana isivute zaidi ya wati 65 kwa muda mrefu, likashuka hadi 76, na kazi ikachelewa kwa dakika sita tu. Nimezikubali. Kwa ajili ya Januari, joto la hapa likichanganyika na unyevu wa bahari, nitanunua feni kubwa ya 90,000. Kwa sababu hiyohiyo sijutii kuikosa 265K, ambayo inaweza kuvuta hadi wati 250. UPS yangu (betri ya akiba umeme ukikatika) ya 650VA ingeishiwa kabla sijabonyeza kuhifadhi.

Kwa maduka, maoni yangu ni haya. Lile la Dar lililoniuzia nitalirudia, nimewapa watu wawili namba yake tayari. Lile la F sitalirudia hadi wajifunze kusoma majina ya bidhaa zao. Wakala wa nje afaa kwa mtu asiye na haraka anayetaka kitu ambacho Dar hakipo kabisa, kama mdogo wake fundi aliyeisaka Ryzen 7 9800X3D ilipotoka Novemba 2024. Dar alitajiwa bei iliyokuwa karibu mara mbili ya zile dola 479 za uzinduzi, kisha akaambiwa asubiri.

Na yule mzee wa karibu na soko kuu. Nilirudi kwake na daftari langu, nikamwonyesha hesabu zote, nikamwambia tupo wahariri watano ninaowajua mimi tu kati ya hapa na Mikindani, na wote wanatumia mashine za kizazi cha 6 na cha 7. Alivaa miwani akasoma mstari kwa mstari, akaninukulisha jina la prosesa herufi kwa herufi. Jumamosi moja baadaye nilipita kununua karatasi za picha. Ndani ya kabati la kioo, kati ya wino na panya za kompyuta, kulikuwa na boksi moja la i5-14500, halina F, lakiri haijaguswa, shilingi 750,000. Nililishika mwenyewe.